Madebe Kumi na Moja ya Asumini

Jumatano, 16 Julai 1975. Moroni.

Likizo imekubaliwa! Majuma mawili kamili. Mkuu wa posta ametia saini bila kuinua macho. Nchi ina uhuru wa siku kumi, mimi nina likizo ya siku kumi na nne. Nani kama mimi.

Tunakwenda Mutsamudu, kisiwa cha asili yangu, kwa dada yangu Hadjira, mimi na mke wangu Zaïnati. Naandika haya kwa Kiswahili nilichokulia Unguja, maana Zaïnati anasoma Kifaransa na anasoma Kiarabu, lakini hili hawezi. Nyumba ni ya mke, ndiyo desturi ya hapa Ngazidja, wala silalamiki. Yeye ana nyumba, mimi nina daftari.

Sharti lake ni moja tu: asumini. Madebe kumi na moja uani, yote yametoka kwenye mche mmoja wa marehemu mama yake. Bahiat, binti wa dada yake, anaolewa baada ya Idi. Marehemu aliusia kwamba maua ya kichwani mwa Bahiat siku hiyo yatoke kwenye mche ule, si penginepo. Zaïnati ananieleza hayo kila mwaka, lakini leo ameeleza huku amenishika shavu. Akinishika shavu hana mzaha. Kisha akasema nimwombe Mdahoma atumwagilie.

Mdahoma! Mwanyumba wangu, mume wa Moinafouraha, ambaye ni mama yake Bahiat na dada mkubwa wa Zaïnati. Tunatenganishwa na ukuta mmoja. Anasomesha watoto Kurani, amekwisha kufanya ndoa kubwa, ile harusi ya kulisha mji mzima inayompa mtu cheo, kwa hiyo kila shughuli yeye safu ya mbele na mimi nyuma kabisa, karibu na viatu. Mwaka jana nilijenga banda la kuku. Alikuja, akalitazama kwa muda mrefu, akasema litaanguka. Likaanguka. Sijamsamehe.

Ijumaa, 18 Julai.

Nimetoka msikitini na nia safi ya kumwomba. Wallahi nilikuwa nayo. Kabla sijafungua kinywa, Mdahoma akaniuliza kama najua kufunga sanduku la safari, kwa sababu sanduku lililofungwa vibaya hufunguka lenyewe. Wazee wa safu yake wakacheka. Nikalikumbuka banda. Nikaaga, nikaenda zangu.

Nimeamua. Asumini zitajimwagilia zenyewe.

Jaribio la kwanza: chupa za soda zilizojaa maji, nimezichomeka kichwa chini udongoni. Zimekwisha kabla sijamaliza chai. Jaribio la pili: magunia yaliyoloweshwa, kuzunguka madebe. Yamekuwa kitanda cha paka wa Moinafouraha. Nimekata tamaa mpaka saa kumi hivi, halafu nikapata wazo jingine.

Jumapili, 20 Julai.

Nimefaulu!

Kisiwa hiki hakina mto. Tunakunywa mvua. Maji yanashuka kutoka paani, yanaingia kwenye birika la mawe alilojengesha mama mkwe, na yanatakiwa yatufikishe mpaka mvua za Novemba. Birika limekaa katikati ya nyua mbili, wa Zaïnati na wa dada yake, na kila ua una bomba lake. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi.

Kwenye bomba letu nimefunga mpira. Mpira unaingia kwenye pipa lililokaa juu ya mawe. Kutoka kwenye pipa zimeshuka tambi kumi na moja, kila utambi na debe lake. Pipa linapata maji, tambi zinanyonya, udongo unakunywa. Tambi nimezikata kutoka kwenye fulana zangu tatu. Bomba nimelifungua kidogo mno, tone moja kwa kila pumzi. Nimekaa kitini nikihesabu matone mpaka adhana ya alasiri. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hii.

Zaïnati ameshinda kwa dada yake kutwa nzima, wanaagana. Sijui wanawake wana nini cha kuagana siku nzima wakati wamepakana ukuta. Aliporudi nikamwambia asiende uani, kunateleza. Akaendelea kufunga mizigo.

Jumatatu, 21 Julai. Mutsamudu.

Asubuhi Zaïnati alikuwa amekwisha toka na mizigo. Nikarudi ndani, nikasema nimesahau kofia. Nikatazama matone. Tone moja kwa pumzi! Madebe kumi na moja, wiki mbili, na upepo huu wa kusi unaokausha mpaka midomo. Niliona kama nafanya ubahili. Nikaongeza robo mzunguko, kwa tahadhari tu. Nikafunga mlango wa nje, nikatia ufunguo mfukoni.

Mdahoma akaja kutuaga na kifurushi cha zawadi kwa ajili ya Hadjira. Akaniuliza kama kuna chochote cha kuangalia nyuma yetu. Nikamwambia hakuna, ahsante. Akautazama mlango wetu kama alivyolitazama banda.

Ndani ya ndege Zaïnati ameniuliza kama nimezungumza na Mdahoma. Kila kitu kimepangwa, nimemjibu. Si uongo.

Tumeshuka uwanja wa ndege wa Ouani salama. Mutsamudu tumeingia kwa miguu, maana vichochoro vya mji wa mawe havipitishi hata mkokoteni. Mbele ya watu waliokaa barazani, sanduku langu limefunguka lenyewe.

Jumamosi, 26 Julai.

Hapa maji ni mengi kupita kiasi. Mto unapita mjini, watu wanafua, wanaoga, hakuna anayehesabu. Dada Hadjira anamwagia mrehani wake ndoo nzima, yanayobaki anayatupa mtaroni. Nimemwambia astahi maji. Amenijibu kwamba Ngazidja wameniharibu.

Nilipoona ndoo ile nikaikumbuka robo mzunguko. Nimechukua bahasha na kalamu. Robo mzunguko si tone. Ni mkondo mwembamba kama kidole cha mtoto. Pipa limejaa siku ileile tuliyoondoka, na tangu hapo linamwaga uani. Birika, kwa hesabu yangu, litakuwa tupu tarehe sita Agosti. Sisi tunarudi tarehe nne. Basi. Zinabaki siku mbili za akiba. Mtu hana haja ya kukosa usingizi kwa jambo kama hilo.

Zaïnati ameuliza fulana zangu ziko wapi. Nimesema zimeloweshwa. Nalo si uongo.

Jumapili, 3 Agosti.

Serikali imepinduliwa Moroni. Redio imesema, watu wote wametoka vichochoroni, kila mmoja ana habari yake. Rais yuko huku kisiwani kwetu, mji mkuu umeshikwa na wengine. Hadjira anauliza sasa nani anamtawala nani. Mimi nimeuliza ndege ya kesho inaruka saa ngapi. Mzee mmoja amenitazama kama mwendawazimu.

Nimekimbia kwa Hamidou, rafiki yangu wa posta ya hapa. Hakuna ndege, hakuna meli. Simu ya upepo nayo imekatwa. Hamidou hajui mpaka lini.

Zaïnati amelia kwa ajili ya dada yake. Kisha akajifuta uso, akasema walau asumini za mama ziko mikononi mwa Mdahoma, na Mdahoma hawezi kuziacha siku moja. Nimeingia chooni nikakaa humo muda mrefu.

Jumanne, 12 Agosti.

Kwa hesabu yangu, birika lina siku sita halina kitu. Novemba iko mbali. Namwona shemeji Moinafouraha na ndoo kichwani akibisha milango ya watu kuomba maji. Namwona Bahiat, biharusi mtarajiwa, akifanya vivyo hivyo. Asumini zimekauka kwenye madebe yao. Yote haya kwa sababu ya banda la kuku. Naona haya, na kwa kuwa ni daftari langu, naandika kwamba naona haya.

Nimemwandikia Mdahoma barua. Nakala ya kwanza ilikuwa na nisamehe mara nne. Ilinichoma kuisoma. Ya pili ilikuwa na nisamehe moja. Ya tatu nimemwarifu tu kwamba kama atapita karibu na ua wetu, na kama atasikia sauti yoyote ya maji, anaweza akipenda kutazama. Nimempa hiyo ya tatu, pamoja na ufunguo wa nyumba, Charif muuza vitambaa, aliyepata chombo kinachokwenda Moroni kwa siri. Nimepumua kidogo.

Jumatano, 20 Agosti.

Chombo cha Charif kimekwenda Mayotte. Barua iko Mayotte. Ufunguo uko Mayotte.

Lazima mtu awe na mpango mwingine, na mimi ninao. Asumini ni asumini. Jirani ya Hadjira ana mche uliotanda ukuta mzima. Nimeomba vipande kumi na moja, nimevipanda kwenye makopo ya maziwa, nimevificha nyuma ya posta kwa Hamidou. Nikifika Moroni natangulia ndani, nang'oa iliyokufa, nashindilia hii. Nani atajua? Hamidou ameuliza, na birika je, nalo nitalipanda? Nimemwambia jambo moja kwa wakati mmoja.

Jumatatu, 15 Septemba.

Ramadhani. Bado tumekwama. Kila siku baada ya sala ya alfajiri naenda nyuma ya posta na birika dogo la kutawadhia. Mwanzoni nilizizamisha, mmoja ukaoza. Sasa najua. Natia kidole udongoni mpaka kifundo cha pili. Kama chini kuna unyevu naacha, kama hakuna naweka kidogo. Mchana nazifunika kwa kuti. Kumi zimechipua. Nimegundua pia kwamba ninazisemesha. Mtu akifunga hana wa kumsengenya, anasema na mimea.

Leo Zaïnati amenifuata. Bila shaka alidhani nina mke wa pili nyuma ya posta. Amenikuta nimechuchumaa, kidole udongoni, namwuliza wa nne kama amelala vizuri. Nikasimama. Nilikuwa tayari kusema yote, robo mzunguko na yote. Lakini yeye ametangulia kusema. Amesema kumbe siku zote hizi namwandalia Bahiat zawadi kimyakimya. Amesema mama yake alikuwa akitia kidole hivyohivyo. Akalia, akanishika mkono wenye udongo.

Hapo ndipo ningesema. Nikasema ndiyo, ni zawadi.

Nampenda sana mwanamke huyu. Na nimeyaua maua ya mama yake.

Alhamisi, 2 Oktoba. Moroni.

Njia zimefunguliwa. Kisiwa cha Hadjira nacho kimo mikononi mwa serikali mpya, ndege zinaruka, na sisi tumerudi na makopo kumi mapajani. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Kwanza nieleze kwa nini sina ufunguo. Kisha birika. Asumini mwisho.

Tumefika mlangoni. Nikakohoa, nikaanza habari ya Charif na Mayotte. Zaïnati akafungua mkoba, akatoa ufunguo, akafungua mlango.

Nikamuuliza ameupata wapi. Akashangaa kuliko mimi. Dada yake anao. Bahiat anao. Shangazi yao wa Itsandra anao. Nyumba ni ya wanawake, funguo ni zao pia, tangu siku ilipojengwa. Miaka kumi mimi natembea na ufunguo mfukoni nikidhani ndio ufunguo wa nyumba. Kumbe nami niligaiwa tu wangu.

Nikaingia uani macho nusu yamefumba. Asumini zote kumi na moja ziko hai! Kijani kibichi, zina matumba. Pipa limefunikwa pembeni, tambi hazipo. Zaïnati akaligonga birika kwa kifundo cha kidole, likatoa sauti nzito ya kitu kilichojaa maji. Nilikaa kizingitini.

Ubavuni mwa birika kuna kiraka kikubwa cha saruji, kimepigwa vibaya sana. Moinafouraha anasema lilipasuka jioni ileile tuliyoondoka, kwa bahati Mdahoma akawahi kuziba, kimepotea kiasi cha dhiraa moja tu. Mimi nilikuwa nimelitazama birika lile asubuhi ya siku hiyo. Halikuwa na ufa.

Ijumaa, 3 Oktoba.

Baada ya sala Mdahoma amenivuta nyuma ya msikiti. Akatoa mfukoni kifurushi. Tambi zangu kumi na moja, zimefuliwa, zimekunjwa vizuri.

Akanieleza polepole, kama kawaida yake. Jumapili ile Zaïnati alikwenda mwenyewe kuwaomba wamwagilie. Mimi aliniagiza kwa sababu alitaka mimi na Mdahoma tuzungumze, na kwa kuwa ananijua, akaenda pia mwenyewe. Basi jioni ya Jumatatu Mdahoma akafungua mlango, akakuta ua una maji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akafunga bomba. Akafagia maji kabla mkewe hajatoka. Mkewe alipouliza mbona birika limeshuka, akamwambia limepasuka, na ili ionekane kweli akakoroga saruji akapiga kiraka kwenye ukuta usio na ufa wowote, yeye ambaye hajawahi kushika mwiko wa mwashi. Kisha kila jioni, siku sabini na kitu, akazimwagilia moja moja kwa birika la kutawadhia.

Nikamuuliza kwa nini hakunisemea. Amesema mimi na yeye ni wageni katika nyumba hizi, mwanyumba, yeye amenitangulia miaka tu. Mgeni hamsemei mgeni mwenzake. Halafu akaongeza kwamba ile fikra ya tambi haikuwa mbaya.

Nimelia. Saumu haivunjwi na machozi, nimemuuliza yeye mwenyewe na amethibitisha. Lile banda la kuku nimelisamehe.

Jioni Zaïnati amepitisha kidole juu ya kiraka. Amesema birika la mama lilikaa miaka thelathini bila ufa, likangoja siku tuliyopanda ndege. Nikajishughulisha na tende.  Wakati wa kufuturu ameniwekea kichwa cha samaki, kipande ambacho siku zote anakula yeye.

Jumapili, 26 Oktoba.

Bahiat ameolewa Alhamisi. Kichwa chote cheupe kwa asumini za bibi yake, na vikuba, vile vishada vya asumini na mrehani, mpaka kwa wageni. Zaïnati alisimama akimtazama, akanitafuta kwa macho katikati ya watu mpaka akaniona. Mimi nilikuwa safu yangu ya nyuma, karibu na viatu. Harufu ilifika hadi huko. Baada ya kitambo Mdahoma akainuka kutoka mbele, na joho lake, akaja akakaa karibu yangu. Watu walishangaa. Sisi tulikuwa na raha tu.

Sasa tuna madebe ishirini na moja, yale ya zamani na yangu kumi. Na kesho tunakwenda Itsandra kwa shangazi yake Zaïnati, siku nne.

Nimefikiri sana. Mdahoma simsumbui. Mgongo unamuuma kwa ajili ya kuinamia madebe yetu. Safari hii si kiburi, ni huruma tupu. Mapipa mawili, tambi ishirini na moja, shuka moja ambalo Zaïnati halitumii sana. Mtambo wa kwanza ulikuwa na kasoro moja tu, nimeipata: watu waliweza kuingia na kuuchezea. Kwa hiyo nimenunua kufuli jipya la mlango wa nje, kubwa, la chuma. Ufunguo wake ni mmoja nao uko mfukoni mwangu. Robo mzunguko ilikuwa nyingi kwa madebe kumi na moja, nakubali. Lakini haya ni ishirini na moja. Nimefungua nusu.

Zaïnati ameniuliza kama nimezungumza na Mdahoma. Kila kitu kimepangwa, nimemjibu. Amelitazama kufuli. Amenishika shavu. Kisha amekwenda kwa dada yake kuaga, na bado hajarudi.

Nimetoka nje nikamkuta Mdahoma anaegemeza ngazi kwenye ukuta wetu. Anasema anataka kuupaka chokaa kesho, tukiwa hatupo. Pembeni ameweka mwiko na mfuko wa saruji. Nimemweleza kwa upole kwamba kazi ya chokaa haihitaji saruji. Ni mtu mwema sana, lakini kuna mambo hayajui.